Baa, Maboma na Walinzi Wake: Maelezo Kuhusu Taabu za Kupiga Picha Majengo ya Dar es Salaam

Upigaji picha wa majengo ni kazi ambayo, kwa mujibu wa wanaoifundisha, inahitaji vitu vitatu tu, yaani kamera, mwanga wa kutosha na kitu kilichosimama kisichoyumba. Na kwa kuwa nyumba haikimbii, haifumbi macho wala haidai nakala, wanafunzi wengi hushauriwa waanze nayo kabla hawajathubutu kumkabili binadamu. Huenda ushauri huo unafaa katika miji mingine. Katika Dar es Salaam, mtu anayetoka asubuhi na kamera begani kwa nia ya kukusanya picha za majengo ya umma na za baa za mitaani, ili baadaye achunguze historia yake, hutambua mapema kwamba jengo lenyewe ndilo sehemu ndogo kabisa ya kazi, na kwamba sehemu iliyobaki ni mazungumzo marefu na watu waliosimama mbele ya jengo hilo, ambao kila mmoja ana hoja ya kwa nini picha isipigwe, au kwa nini apigwe yeye.

Inafaa kwanza kueleza maneno. Kwa jengo la umma, insha hii inakusudia nyumba iliyojengwa kwa fedha au kwa amri ya dola, iwe ya Sultani, ya Mjerumani, ya Mwingereza au ya Jamhuri, ambamo mwananchi huingia kutafuta haki, cheti, dawa au mtu wa kumwuliza faili lake limefika wapi. Kwa baa, inakusudia nyumba yenye leseni ya kuuza vileo vya kunywewa papo hapo, yenye kaunta, viti na, mara nyingi, jiko la nyama choma uani. Chini ya baa ipo grosari, ambayo kikawaida ni mahali pa kununua chupa na kwenda nayo nyumbani, ila wateja wake wanakaa mbali kiasi kwamba hulazimika kupumzika kwanza kwenye benchi la nje hadi saa tano za usiku. Chini ya grosari kipo kilabu, kinachouza pombe za kienyeji kama komoni na mnazi, pamoja na chibuku, ambayo ni pombe nzito ya nafaka inayotoka kiwandani ndani ya pakiti na hutikiswa kabla ya kunywewa. Ngazi hizi, kutoka ofisi ya mkuu wa mkoa hadi benchi la kilabu, hazionekani kuwa na undugu wowote, lakini anayezipiga picha zote bila kubagua huona baada ya muda kwamba historia yake ni moja, nayo ni historia ya nani aliruhusiwa kupita mlangoni na nani aliambiwa asubiri nje.

Mlango wa jengo la umma una mlinzi. Zamani alikuwa askari mwenye rungu. Siku hizi, mara nyingi, ni mwajiriwa wa kampuni binafsi ya ulinzi, mwenye sare iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, daftari la wageni ambalo kalamu yake imefungwa kwa kamba, na agizo moja alilopewa siku ya kwanza ya kazi, kwamba hairuhusiwi kupiga picha. Agizo hilo halikuja na maelezo, na ubaya wake kwa mtafiti ni kwamba halina mipaka: linahusu jengo, uzio, bustani, mwembe ulio nje ya uzio na, kwa walinzi wenye bidii, barabara inayopita mbele. Mazungumzo yanayofuata hayabadiliki sana kutoka ofisi moja hadi nyingine. Mlinzi huuliza, "Unapiga picha ya nini?" Mtafiti hujibu kwamba anapiga jengo. "Jengo lipi?" Mtafiti hulionyesha jengo, ambalo wote wawili wamesimama kivulini mwake. Mlinzi hugeuka, akalitazama kuanzia chini hadi kwenye paa kama mtu anayelaghaiwa bei ya nguo, kisha huuliza, "Kwani lina nini?" Swali hilo la tatu ndilo gumu, kwa sababu jibu la kweli, yaani kwamba lina matao mazuri na vidirisha vya kupitishia hewa vilivyopangwa kwa ustadi, husikika hata masikioni mwa anayelitoa kuwa ni uongo wa jasusi ambaye hakujiandaa.

Hapo ndipo kibali huhitajika. Kibali hutolewa na ofisi iliyo ndani ya jengo lilelile, kwa barua iliyoandikwa kwa mkuu wa ofisi na kupitishwa masjala, yaani chumba cha kupokelea barua na kuhifadhia mafaili, na masjala hupenda kujua mwombaji ametumwa na taasisi gani. Mtu aliyejituma mwenyewe, kwa sababu tu anapenda majengo, hana mhuri; asiye na mhuri hajatumwa na yeyote; na asiyetumwa na yeyote ndiye hasa wa kuogopwa. Wapo waliowahi kuambiwa warudi Jumatatu, wakarudi Jumatatu na kumkuta mlinzi mwingine, aliyewajulisha kwa upole kwamba yule wa kwanza hakuwa na mamlaka ya kuwaambia warudi. Na wakati mjadala huo unaendelea getini, si ajabu maharusi wakateremka garini na kupigwa picha mbele ya jengo lilelile, wakiwa na mpiga picha mwenye taa, mwavuli mweupe na msaidizi wa kushika shela, huku mlinzi akiacha kazi ya kumhoji mtafiti ili asaidie kusogeza pikipiki isiharibu mandhari.

Mlinzi naye atendewe haki, maana sheria ipo. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inakataza kupiga picha au kuchora maeneo yaliyotangazwa kuwa ya ulinzi, na hakuna mwenye akili timamu anayelalamika kwamba Ikulu haipigwi picha kutoka getini, ingawa kisa chake kinavutia: nyumba ya gavana wa Kijerumani iliyokuwa hapo ilipigwa mizinga na manowari za Waingereza mwaka 1914, kisha Waingereza haohao, walipoitwaa nchi, wakajikuta hawana nyumba ya gavana na wakalazimika kuijenga upya mwaka 1922, kwa ramani ya John Sinclair, msanifu aliyeiachia Unguja majengo mengi yenye kuba na matao. Tatizo si sheria. Tatizo ni kwamba mlinzi wa ofisi ya kata hajawahi kuonyeshwa orodha ya maeneo hayo, na kwa kukosa orodha ameona ni salama zaidi kuyahesabu yote.

Majengo ya kale zaidi yana milango iliyo wazi zaidi, na hapo taabu hubadilika sura. Mfano mzuri ni Boma la Kale, lililoko karibu na bandari, ambako Barabara ya Morogoro inakutana na Sokoine Drive. Nyumba hii ilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, ambaye alianza kujenga mji mpya hapo na akafariki mwaka 1870 kabla haujakamilika. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na mlango wake ni wa kuchongwa kwa mtindo wa Unguja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, kwa hiyo Boma la Kale lilichelewa kuzaliwa kwa miaka michache tu, na ulinzi wake ukabaki kutegemea kutangazwa na waziri. Baa, kwa kipimo hicho, hazina hata matumaini. Tangu mwaka 2017 ndani ya boma kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo wa jiji, ambako mgeni mwenye kamera hukaribishwa na kuelezwa habari badala ya kuulizwa maswali, jambo ambalo humtia wasiwasi kidogo mtu aliyezoea ofisi nyingine.

Lakini mpita njia akiulizwa ni nani aliyejenga boma hilo, atajibu bila kusita kwamba ni Mjerumani. Katika elimu ya mtaani ya usanifu majengo, Mjerumani ndiye aliyejenga kila kitu chenye ukuta mnene, likiwemo boma lililokamilika miaka 20 kabla hajafika mjini mwaka 1887. Ni kweli kwamba alijenga mengi: hospitali ya Ocean Road yenye minara miwili, iliyofunguliwa mwaka 1897, Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph, lililokamilika mwaka 1902, na kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye mnara na vigae vyekundu, la miaka hiyohiyo. Ila akiongezewa pia kazi za Sultani, za mafundi wa Kihindi na za Idara ya Ujenzi ya Mwingereza, inabidi tuamini kwamba katika miaka isiyofika 30 hakulala.

Imani hiyo ina tawi la hatari zaidi, linalosema kwamba chini ya kila jengo la Mjerumani kuna hazina. Uvumi huo si mtoto wa haramu. Una mzazi anayejulikana. Mwaka 1916, nchi ikiwa imezingirwa na vita na fedha haziingii kutoka Ulaya, Wajerumani walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 huko Tabora, katika karakana ya reli, yenye picha ya tembo mbele ya milima, na muda si mrefu baadaye wakaanza kurudi nyuma kuelekea kusini. Kati ya sarafu hiyo na safari hiyo, mawazo ya watu yalipata nafasi kubwa ya kufanyia kazi. Kwa hiyo mtu anayesimama mbele ya nyumba ya zamani, akarudi nyuma hatua tatu, akaandika kitu daftarini, kisha akatazama tena pembe ya ukuta kwa jicho moja, haonekani kuwa msomi. Anaonekana ana ramani. Baada ya muda hufuatwa na kijana mmoja mpole, aliyevaa vizuri, ambaye humnong'oneza kwamba yeye anao watu wenye kifaa cha kupimia chini ya ardhi, na kwamba wanaridhika na nusu kwa nusu. Kumweleza kijana huyo kwamba kinachotafutwa ni mwaka wa kujengwa ni kazi bure, kwani huona katika maelezo hayo ujanja wa mtu ambaye hataki kugawana.

Majengo ya baada ya Uhuru hayana Mjerumani wa kusingiziwa, na chanzo chake cha historia ni jiwe la msingi, yaani kibao cha marumaru au saruji kinachobandikwa ukutani siku ya sherehe. Jiwe hili lingekuwa msaada mkubwa kama lingeandikwa kwa ajili ya jengo. Humtaja mgeni rasmi, hutaja cheo chake chote bila kuacha herufi, na hutaja tarehe aliyofika. Halimtaji msanifu, wala fundi, wala mwaka nyumba ilipoanza kutumika, na mara nyingine haliwezi hata kuthibitisha kwamba ujenzi ulimalizika. Hali hukolezwa na vibao vya Mwenge wa Uhuru, ule uliowashwa kwa mara ya kwanza kileleni mwa Kilimanjaro usiku wa Uhuru mwaka 1961, ambao katika mbio zake za kila mwaka hupita kuzindua miradi. Zahanati moja ya kawaida inaweza kuwa na kibao cha kuwekewa jiwe, kibao cha kuzinduliwa na kibao cha kuzinduliwa tena baada ya ukarabati, na mtafiti akizisoma tarehe zote kwa makini hupata nyumba iliyozaliwa mara tatu bila kufa hata mara moja. Isitoshe, mafundi rangi, ambao hulipwa kwa mita za ukuta na si kwa kusoma, hupitisha brashi juu ya maandishi, na mbele ya jiwe huegeshwa jenereta. Kwa upande huo, Mnara wa Askari uliopo katikati ya mji ni mfano wa adabu: ulizinduliwa mwaka 1927, mahali ambapo tangu 1909 palikuwa na sanamu ya gavana Hermann von Wissmann, na maandishi yake yako katika Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, haya ya Kiingereza yakiwa ya Rudyard Kipling. Hauna mlinzi wala uvumi wa hazina. Unalindwa na daladala, bajaji na magari yanayouzunguka mchana kutwa, na picha nyingi zinazopigwa hapo ni za mgongo wa basi lenye bunduki ya shaba inayochomoza juu yake.

Baa haina jiwe la msingi, na historia yake imeandikwa zaidi katika sheria za kuwazuia watu kuliko katika sherehe za kuwakaribisha. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa saini na mataifa kadhaa, yakiwemo ya Ulaya yaliyokuwa yakiigawana Afrika, ulilenga pamoja na mambo mengine kuzuia pombe kali zisiwafikie Waafrika wa eneo kubwa la bara hili. Waafrika wenyewe hawakuulizwa. Wakati huohuo Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na kiwanda cha bia, cha Schultze, na kuanzia mwaka 1906 ilikuwa na hoteli ya Kaiserhof, ambayo baadaye iliitwa New Africa, ambako wenye ruhusa ya kiu walikaa barazani wakitazama bandari. Waingereza waliendeleza mpangilio huo kwa utaratibu zaidi: Mzungu alikuwa na klabu yake, na Mwafrika alikuwa na kilabu kilichopewa leseni na serikali ya mji, cha kunywea pombe za kienyeji kwa saa zilizopangwa, ilhali bia ya chupa ilikuwa haramu kwake hadi apate ruhusa maalumu, na vizuizi hivyo havikulegezwa hadi katikati ya miaka ya 1950. Kibali cha kunywa bia kilitangulia, basi, kibali cha kupiga picha, na inaelekea vyote viwili vilipitia masjala ya aina ileile.

Baada ya Uhuru milango ilifunguliwa, na baa zikachipua Magomeni, Ilala, Kinondoni, Temeke na baadaye Sinza kwa kasi ambayo hakuna idara iliyojaribu kuiandika. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilipanga leseni na saa. Muziki ulifanya yaliyobaki: bendi kubwa za miaka hiyo zilikuwa na ukumbi au baa yake ya nyumbani, na Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978 na kupendwa kwa jina la Sikinde, ilichukua jina lake kutoka kwenye baa ambamo ilikuwa ikipiga. Mtu anayetaka kujua sauti ya mji huo anaweza kuipata hadi leo redioni. Anayetaka kujua kumbi zilikuwa na sura gani, milango mingapi, na taa zilining'inizwa wapi, hupata shida kubwa, kwa sababu kila mtu alikuja na masikio na miguu, na wachache sana walikuja na kamera.

Mwenye kamera naye, anapofika leo, hana saa nzuri ya kufika. Mchana baa imelala: viti vya plastiki vimepandishwa juu ya meza miguu ikiwa hewani, dada mmoja anapiga deki, na mwenye baa, ambaye ndiye pekee anayeweza kutoa ruhusa, atakuja jioni. Jioni mwanga umekwisha, na wateja wameingia. Hapa lazima ieleweke kwamba mteja wa baa, saa mbili za usiku, yuko mahali pengine kwa mujibu wa maelezo aliyoyaacha nyumbani. Yuko kwenye foleni ya magari, au kwenye kikao cha harusi, au amepita kumjulia hali mgonjwa. Mwanga wa kamera ukimulika mara moja tu, kikao cha harusi huingia chini ya meza, mgonjwa hujifunika uso kwa orodha ya vyakula, na foleni ya magari husimama wima kuuliza kwa sauti nzito, "Wewe nani kakutuma?" Jibu la kwamba lengo lilikuwa feni ya zamani ya darini halijawahi kumridhisha mtu aliyeuliza.

Mwenye baa ana hofu za aina nyingine. Kwake yeye, mtu asiyemjua, aliye timamu, anayetazama kuta kuliko anavyotazama vinywaji, hawezi kuwa mteja. Ni mtu wa leseni, au wa afya, au wa kodi, au wa haki za wanamuziki. Muziki hupunguzwa ghafla. Fremu ya leseni hupanguswa vumbi kama ni ya mwaka huu, au huteremshwa ukutani kama ni ya mwaka mwingine. Ndipo mhudumu anapokuja na kutamka kanuni ya msingi ya utafiti wote wa baa nchini, "Karibu kaka, utakunywa nini?" Anayeagiza huacha kuwa mgeni papo hapo. Kwa maoni ya insha hii, ukilinganisha njia mbili za kupata kibali, ile ya ofisi na ile ya kaunta, ya pili ni fupi, bei yake inajulikana na wote, haibadiliki kulingana na zamu ya mlinzi, na ushahidi wa malipo unabaki mezani ukitoa povu. Kasoro yake ni kwamba mtafiti mwenye bidii, akipiga picha baa nne kwa jioni moja kwa kufuata taratibu zote, hukuta kesho yake kwamba baa ya nne imesimama upande.

Anayeruhusiwa kutazama kwa karibu hulipwa vizuri. Ipo grosari moja Magomeni ambayo kwa nje ni ya rangi ya njano iliyopakwa na kampuni ya bia bila malipo, kama ilivyo desturi, kwa sharti kwamba ukuta wote uwe tangazo. Lakini karibu na bomba la maji, ambako rangi imebanduka kwa unyevu, chini ya njano kuna bluu, chini ya bluu kuna nyekundu, na chini ya nyekundu kuna chokaa nyeupe na nusu ya herufi kubwa iliyochorwa kwa mkono. Sakafu yake ni ya saruji nyekundu iliyong'arishwa kwa nta, na imechakaa hadi kuwa ya kijivu katika njia mbili, moja kutoka mlangoni hadi kaunta, nyingine kutoka kaunta hadi msalani, hii ya pili ikiwa imelika zaidi. Kaunta ina nondo, na juu ya nondo pana kibao cha bati kinachosema kwamba mkopo ni kesho. Ukutani kuna tembo. Mchoraji alikusudia tembo wa Tusker, bia ambayo, kama wanywaji wachache wanavyojua, ilipata jina lake Kenya baada ya George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda kilichoanza mwaka 1922, kuuawa na tembo mawindoni. Ila masikio yametoka madogo na mkonga mfupi, na wateja wa mezani chini yake wamekuwa wakibishana kwa miaka kama ni tembo kweli au ni tangazo la kitimoto, yaani nyama ya nguruwe.

Kila baa ya zamani ina mzee wake, ambaye hukaa kona moja, hujua kila kitu na hutoa maarifa kwa kipimo cha chupa. Yeye ndiye nyaraka. Hana miaka, ana matukio: nondo za kaunta ziliwekwa baada ya vita vya Kagera, chumba cha nyuma kilijengwa kabla ya Azimio la Arusha, baa ilifungwa kwa muda wakati wa Sokoine, maana yake mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, ingawa mwenye baa, anaharakisha kusema, hakuwa na kosa, alikuwa tu na kreti nyingi kuliko mgawo. Mtafiti anayezijua tarehe za taifa hili huweza kuzigeuza habari hizo kuwa miaka na kupata historia ya kuaminika kiasi. Shida huanza kwenye chupa ya tatu, ambapo mzee huanza kuwepo kwenye matukio yaliyotangulia kuzaliwa kwake, na kwenye ya nne, ambapo jengo linajengwa na Mjerumani.

Baa ikifa, huwa haifi yote. Ploti huuzwa, ghorofa huota, lakini kondakta wa daladala huendelea kulitaja jina la baa iliyokuwa hapo, na abiria huendelea kushuka. Mtaani heshima hiyo hupewa baa, miti, maduka na watu mashuhuri, kama kituo cha Kwa Remmy huko Sinza, kinachomkumbuka Remmy Ongala, mwanamuziki aliyetoka Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 na kufariki mwaka 2010. Majengo ya umma hayana bahati hiyo. Wizara ikihama, jina lake hutangulia kuhama, na ofisi iliyobaki huitwa kwa rangi ya geti.

Picha zilizopo za baa za zamani, kwa kweli, hazikupigwa na watafiti wa majengo. Zilipigwa na watu waliokuwa wakipigana picha wao kwa wao: shangazi amesimama mbele ya ukumbi siku ya Idi au Krismasi, mjomba amevaa bugaluu na kuegemea gari la jirani, marafiki wanne wameinua glasi, na nyuma yao, bila kukusudiwa, pana kipande cha mlango, nusu ya jina la baa na chupa ambayo lebo yake inataja kipindi vizuri kuliko mzee yeyote wa kona. Picha safi isiyo na mtu, ile ambayo mpiga picha wa majengo huisubiri nusu saa hadi muuza karanga apite, haimwambii msomaji wa baadaye chochote zaidi ya kwamba palikuwa na ukuta. Na muuza karanga, kama angeachwa, angekuwa ametaja bei, mavazi na muongo. Walinzi walioruhusu maharusi na kuwakataza watafiti walikuwa, pengine bila kujua, wanaijali historia.

Kwa hiyo yeyote mwenye albamu kabatini, au mwenye shangazi mwenye albamu, aitoe picha kwenye plastiki yake, aulize hapo palikuwa wapi, nani yumo na baa iliitwaje, kisha aandike majibu nyuma ya picha. Atumie penseli laini na asikandamize, maana wino wa kalamu hupenya karatasi na kuharibu uso wa mjomba.